Picha za Stradano: Tapestri, Fresko au Chapa?

Mchoraji Jan van der Straet alizaliwa Bruges, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1523. Alihamia Firenze akiwa kijana, Waitalia wakamwita Giovanni Stradano, akaishi huko sehemu kubwa ya maisha yake hadi alipofariki mwaka 1605. Aliyetaka kazi ya mgeni huyu nyumbani kwake alikuwa na njia tatu, na bei zake zilipishana mno.

Tapestri. Hizi ni picha zilizofumwa za kutundika ukutani, na ndizo ghali kuliko zote. Duke Cosimo wa Kwanza wa Medici, mtawala wa Firenze, alifungua karakana ya ufumaji huko mnamo 1545 kwa kuwaita wafumaji wa Flanders. Stradano aliichorea vielelezo, vikiwemo vya mawindo ya jumba la Poggio a Caiano. Hata mfumaji hodari alimaliza sehemu ndogo tu kwa mwezi. Hariri na nyuzi za dhahabu zikapandisha bei zaidi. Kipimo kizuri kiko Vatikani: tapestri 10 zilizobuniwa na Raffaello kwa Kanisa Dogo la Sistina ziligharimu takriban dukati 16,000, ilhali Michelangelo alilipwa kama 3,000 kwa dari ya humo humo. Faida ya tapestri ni kwamba hukunjwa, husafiri na mwenyewe, na hupunguza baridi ya kuta za mawe.

Fresko. Rangi hupakwa kwenye lipu mbichi, zikakauka pamoja. Stradano alipamba hivyo Palazzo Vecchio, jumba la utawala la Firenze, chini ya usimamizi wa msanii Giorgio Vasari. Bei ni nafuu na ukuta mzima hupata uhai, lakini ukihama unaiacha, na unyevu ukiingia huiharibu.

Chapa. Kuanzia 1578, Philips Galle wa Antwerp alitoa mfululizo wa mawindo ya Stradano uliochongwa kwenye mabamba ya shaba. Hazina rangi wala ukubwa wa tapestri, ila bamba moja hutoa mamia ya nakala. Ndiyo maana ubunifu uliozaliwa kwa ajili ya mtawala ulifika kwa wanunuzi wa kawaida, na mafundi wa mapambo wakapata vielelezo.

Kwa mwenye hazina ya Medici, tapestri haina mshindani. Kwa thamani ya pesa, chapa inashinda, hata leo: makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York yanaonyesha chapa za Stradano mtandaoni bila malipo. Anza na hizo kabla hujakata tiketi ya Firenze.