Gitaa la umeme la bei nafuu: Nunua shingo, mengine yatafuata

KWA zaidi ya nusu karne, gitaa la umeme limekuwa uti wa mgongo wa muziki wa Kenya. Marehemu Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyeishi kati ya mwaka wa 1924 na 2000, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga. Baadaye wanabenga, akiwemo Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka wa 2006, walilifunza gitaa kuiga mlio wa nyatiti, nazo santuri zao zikatoka River Road zikasambaa hadi vijijini.

Hamu ya chombo hicho haijapoa. Katika makanisa na kumbi za Kawangware, Kangemi na Uthiru, vijana wanadunduliza shilingi ili wapate gitaa lao wenyewe. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa macho. Huvutiwa na rangi inayometameta na jina lililoandikwa kichwani, wakalipa, wakaenda zao. Wiki chache baadaye, chombo hakishiki tuni na vidole vinauma. Mwenyewe huamini kwamba hana kipaji, akalitundika gitaa ukutani na ndoto yake ikaishia hapo.

Aghalabu lawama si za vidole vyake. Gitaa la bei nafuu laweza kuwa chombo kizuri cha kazi, mradi mnunuzi ajue kipi hakirekebishiki na kipi kitabadilishwa polepole. Kwa muhtasari, kanuni ni hii: nunua shingo iliyonyooka, kwa maana sehemu nyingine takriban zote zaweza kuboreshwa baadaye.

Linavyofanya kazi

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kifaa kiitwacho pikapu, na hapa hatuzungumzii gari la mizigo. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, mkondo hafifu wa umeme huzaliwa ndani ya waya, ukapitia kwenye kebo hadi katika amplifaya ambayo huukuza uwe sauti. Ni kanuni iliyogunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka wa 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuzalisha umeme katika mabwawa ya Mto Tana.

Kutokana na hilo, mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, nyuzi za nailoni hazifai kabisa kwa gitaa hili, kwa kuwa sumaku haizitambui. Pili, kiwiliwili cha gitaa la umeme hakibebi jukumu zito kama kile cha gitaa la kawaida lenye tundu, ambalo sauti yake hutoka kwenye mbao. Kiwiliwili cha mbao za bei ya chini hakiwezi kukuharibia muziki kama shingo iliyopinda.

Kagua kabla ya kulipa

Nyuzi sita zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzani wa kilo 40. Ndiyo maana ndani ya shingo hutiwa ufito wa chuma unaoweza kukazwa au kulegezwa ili kupambana na mvuto huo. Kabla ya kulipa, shika gitaa kama fundi seremala anayekagua ubao: funga jicho moja, uitazame shingo kutoka upande wa kichwa. Ukiona imejipinda kama parafujo, yaani upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, lirudishe. Kasoro hiyo ufito haiwezi kuitibu.

Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Katikati, karibu na freti ya saba, panafaa kubaki mwanya mdogo unaopitisha karatasi. Mwanya ukiwa mkubwa, uliza ikiwa ufito unazunguka, kwani huenda ukarekebishwa. Ufito uliokwama ni sababu tosha ya kuondoka.

Baada ya hapo, piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine. Sauti inayokufa au kukwaruza mahali pamoja tu huashiria freti iliyolika au kuinuka. Hatimaye, unganisha amplifaya na uzungushe vifundo vyote. Mkwaruzo kidogo ni vumbi, na dawa ya kunyunyizia huuondoa. Pikapu iliyo bubu ni hoja ya kuteremshiwa bei.

Wapi pa kununua

Katikati ya jiji, maduka ya ala za muziki na vifaa vya sauti yapo, na Barabara ya Luthuli pamoja na vichochoro vinavyopakana na River Road yamesheheni wauzaji wa vyombo vya umeme. Faida ya duka ni risiti, na haki ya kurejea chombo kikikosa kufanya kazi.

Upande wa magharibi, wakazi wa Westlands, Lavington na Kileleshwa wanaohama huuza vyombo vya nyumbani, na humo hupatikana magitaa yaliyoguswa mara chache tu. Hii ni fursa nzuri, lakini yahitaji tahadhari. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaharamisha kupokea mali ya wizi kwa kujua au ukiwa na sababu ya kushuku. Omba hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na namba ya gitaa, na ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama vile M-Pesa. Muuzaji anayekataa haya yote amekwisha kukujibu.

Kuhusu majina, wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gitaa lenye jina la Fender au Gibson linalouzwa kwa bei ya kutupa lina uwezekano mkubwa kuwa la bandia. Kampuni hizo zina majina rasmi ya magitaa yao ya bei nafuu: Squier ni ya Fender, na Epiphone ni ya Gibson. Yamaha nayo hutengeneza ya wanafunzi kwa jina lake lenyewe. Gitaa lisilo na jina kubwa lakini lenye shingo safi ni bora kuliko lenye jina la kughushi.

Pendelea pia gitaa ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu, mtindo ulioenezwa na Telecaster ya mwaka wa 1951 na Stratocaster ya 1954. Shingo iliyogundishwa kwa gundi, kama ile ya Les Paul ya 1952, ni ghali kutengeneza ikivunjika.

Jambo la mwisho ni bajeti. Tuseme una Sh30,000. Usizimalize zote kwa gitaa. Tenga thuluthi moja kwa amplifaya ndogo iliyotumika, kebo imara, nyuzi za akiba na ujira wa fundi.

Kuboresha hatua kwa hatua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wengi hukimbilia pikapu mpya, ilhali ugonjwa uko kwingine. Utaratibu unaofaa huanza na kilicho rahisi.

Kwanza, badilisha nyuzi. Nyuzi za dukani huenda zimekaa miezi mingi, na kutu huua mlio. Kwa anayeanza, seti ambayo uzi wake mwembamba zaidi una unene wa takriban robo milimita huwa rahisi kwa vidole. Wasomaji wa Mombasa na Lamu wajue kwamba chumvi ya hewa ya bahari hula nyuzi upesi, hivyo zipanguswe kila baada ya kupiga.

Pili, linyooshe gitaa. Ufito wa shingo uzungushwe robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, kisha upime tena. Teremsha nyuzi kwenye daraja hadi zibaki kati ya milimita 1.5 na 2 juu ya freti ya 12. Halafu gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, uupige, na ulinganishe mlio huo na ule unaopatikana ukibonyeza. Programu ya simu ya kupimia tuni itakuonyesha tofauti. Mlio wa kubonyeza ukiwa juu zaidi, sogeza kiti cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Kazi hii hugharimu bisibisi na subira pekee, na mara nyingi ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa kuliko zote.

Tatu, tazama kile kipande chenye mifereji sita kati ya shingo na kichwa. Kikiwa cha plastiki hafifu, nyuzi hukwama humo na tuni ikatoroka. Cha mfupa ni bora zaidi. Ikiwa tuni bado haishiki, badilisha vikazio vya nyuzi vilivyo kichwani.

Nne, sasa ndipo uguse pikapu. Yenye koili moja hutoa mlio mwangavu, mkali kiasi, unaowafaa wanaopiga benga, ambapo kila noti lazima isikike peke yake. Yenye koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka wa 1955, hupunguza mvumo wa umeme na hutoa sauti nzito. Ukibadilisha aina, badilisha na vidhibiti vilivyo chini ya vifundo: kwa kawaida koili moja huenda na kilo-omu 250, koili mbili na kilo-omu 500.

Mafundi wa redio na simu wa Luthuli, hata wa Kawangware, wana ujuzi wa kulehemu unaotosha kwa kazi hii, ila wapelekee mchoro wa nyaya unaokuja na pikapu. Ama kunyoosha freti na kuchonga shingo, hiyo si kazi ya seremala wa fanicha za Ngong Road, hata awe stadi namna gani. Mtafute aliyewahi kutengeneza magitaa.

Umeme hauna mzaha

Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Mpangilio huu hukulinda ikiwa plagi ina pini zake tatu na soketi ina ardhi ya kweli. Ukichomeka nyaya tupu ukutani, au ukikata waya wa ardhi kwa sababu amplifaya inavuma, volti 240 zaweza kukufikia kupitia nyuzi unazozishika. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka wa 1972, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ardhi sawasawa. Kabla ya kununua pikapu mpya kwa ajili ya kuondoa mvumo, mwite fundi wa umeme akague soketi za ukumbi au kanisa.

Haba na haba hujaza kibaba. Anayeanza na shingo iliyonyooka, akaongeza nyuzi mwezi huu, kipande cha mfupa mwezi ule na pikapu mwaka ujao, atakuwa na chombo cha kumfikisha jukwaani. Cha muhimu zaidi, atakuwa amejifunza kwa miezi yote hiyo bila kupigana na gitaa lake.