Nyuma ya ua: kwa nini viwanja vya gofu vya Nairobi huwatoa wachezaji jasho

Mkaazi anayepanda matatu kutoka katikati ya jiji kuelekea Ngong Road hupita kando ya nyasi nyingi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Kwanza ni uwanja wa Railway, chini ya Upper Hill. Kisha Royal Nairobi, upande wa Woodley na Kibera. Mbele kidogo kuna uwanja ulio ndani ya Ngong Racecourse, na akifika mwisho wa safari atakuta ule wa Karen. Akichukua Waiyaki Way badala yake, kuna Vet Lab kule Kabete. Ukivitazama kupitia dirishani, vyote ni kitu kimoja: nyasi, miti na bendera. Mchezaji aliyevizoea atakuambia havifanani hata kidogo, na kwamba kipo ambacho humnyima usingizi zaidi ya vingine.

Tofauti hiyo ni kazi ya msanifu wa viwanja. Tunaieleza hapa kwa ajili ya wachezaji, lakini zaidi kwa wale wanaoishi jirani, kwa sababu jinsi uwanja unavyochorwa huamua maji ya mvua yataelekea wapi, ni miti ipi itakayobaki, na mpira uliokosewa utaangukia paa la nani.

Uwanja kamili una mashimo 18. Shimo lenyewe ni dogo, upana wake milimita 108 tu, nalo huchimbwa kwenye nyasi laini iliyonyolewa ambayo wachezaji huiita grini. Wengi hudhani kwamba ugumu wa uwanja ni umbali kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini. Sivyo. Umbali huwashinda wasio na nguvu na kuwaacha wenye nguvu wakipita bila kufikiri. Msanifu mzuri humtega mchezaji kwa kumpa uchaguzi. Chukua mfano wa bwawa lililolala mshazari mbele ya grini. Upande wa kushoto bwawa ni jembamba na mtu hulivuka kwa urahisi, lakini akishavuka hubaki mbali na bendera. Upande wa kulia ni pana, na anayethubutu kulivuka hapo hujikuta karibu kabisa na shimo. Mzee wa miaka 70 hupita kushoto na kufika salama. Kijana mwenye mabega hutazama kulia, akapiga, na mara nyingi mpira wake hulala na samaki.

Mbinu nyingine ni kuyadanganya macho. Bingwa wa jambo hili alikuwa Alister MacKenzie, daktari Mwingereza aliyehudumu katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Huko aliona jinsi wapiganaji wa Kikaburu walivyojificha kwa kutumia umbo la ardhi tu, bila ukuta wala ngome. Baadaye aliacha udaktari na kujikita katika kuchora viwanja, naye ni mmoja wa waliouchora Augusta National wa Marekani, uliofunguliwa miaka ya 1930. Vidimbwi vyake vya mchanga, ambavyo wachezaji huviita banka, aliviweka mahali ambapo, kwa mtu aliye mbali, vinaonekana kugusana na grini. Ukikaribia unakuta kuna hatua 20 au 30 za nyasi katikati. Mchezaji aliyeamini macho yake amepiga mpira mfupi. Na ndiyo maana kedi anayeujua uwanja ni mali: hapimi kwa macho, anakumbuka.

Mmarekani Pete Dye alifuata njia tofauti. Yeye hakuficha kitu. Alizungushia mabwawa yake mataruma ya reli yaliyosimama wima, akachora grini iliyo kama kisiwa katika uwanja wa Sawgrass kule Florida, uliofunguliwa mwaka wa 1980. Hatari yote iko wazi mbele yako, na hofu ndiyo inayokuangusha. Ni mtindo unaopendeza sana kwenye televisheni. Kwa jiji ambalo mifereji ya nyumbani hukauka siku kadhaa kwa wiki, mabwawa ya urembo ni jambo la kufikiria mara mbili.

Hapa kwetu, msanifu hukuta nusu ya kazi imeshafanywa na mahali penyewe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Karen ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo mpira husafiri mbali zaidi kuliko pwani, karibu sehemu moja ya kumi. Mtu anayepiga mita 150 Mombasa atapiga kama mita 165 huku kwa fimbo ile ile. Wataalamu wa kimataifa wanaokuja kwenye mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka wa 1967, hutumia siku zao za kwanza kufanya hesabu hiyo. Uwanja wa Karen ulipoyaandaa mwaka wa 2019, mwaka ambao yalipandishwa ngazi hadi msururu mkuu wa Ulaya, urefu peke yake haukuweza kuwazuia. Kilichobaki kuwazuia ni miti, pembe na nyasi.

Nyasi hizo zinastahili kuzungumziwa. Ni nyasi za kikuyu, zile zile ambazo mkulima wa Dagoretti hulisha ng'ombe na kulaani zinapovamia shamba lake la mboga. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limezunguka dunia nzima. Zilipelekwa Afrika Kusini, Australia na California, na uwanja maarufu wa Riviera mjini Los Angeles unasifika kwa ugumu kwa sababu ya nyasi hizi. Jani lake ni gumu na mizizi hutambaa juu na chini ya udongo. Zikikatwa fupi, mpira hukaa juu yake kama yai kwenye kiota. Zikiachwa zirefuke kidogo, mpira huzama na fimbo hunaswa. Tena mpira ukianguka karibu na grini hauviringiki, hukwama pale pale. Msanifu anayetoka nchi ambako mipira huviringika mbali lazima aanze kujifunza upya.

Baada ya hapo kila uwanja una historia ya ardhi yake. Royal Nairobi ndio mkongwe, ulianzishwa mwaka wa 1906 na kupewa hadhi ya kifalme mwaka wa 1935. Railway, wa mwaka wa 1922, umebanwa kati ya mteremko wa Upper Hill na barabara kubwa, kwa hiyo changamoto yake ni wembamba na miinuko. Karen, wa mwaka wa 1937, upo kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Ardhi yake haina mabonde ya kutisha, na miti ndiyo inayochora njia. Linganisha na Muthaiga, kaskazini mwa jiji, uwanja uliochorwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Peter Matkovich, msanifu wa Afrika Kusini. Mashimo yalikuwepo tangu enzi za ukoloni, ila aliyerudi kucheza baada ya kazi hiyo alilazimika kuanza darasa la kwanza.

Kuchora upya ndiko kunakopaswa kumgusa hata asiyecheza. Grini ikiinuliwa, udongo umehamishwa. Udongo ukihamishwa, maji hubadilisha njia. Mto Motoine hutoka upande wa msitu wa Dagoretti, hupita eneo la Ngong Racecourse, kisha huteremka hadi Bwawa la Nairobi kando ya Kibera. Nyasi nene hupunguza kasi ya maji ya mvua. Lami na paa huyaongeza kasi. Wakaazi wa mabondeni walioshuhudia mafuriko ya 2024 hawahitaji kuelezwa tofauti yake. Kwa maoni yetu, uwanja wenye ugumu unaotokana na mteremko na miti iliyopo ni jirani mwema kuliko ule unaotegemea mabwawa ya kuchimbwa na mashimo ya mchanga yasiyo na idadi.

Kuna pia suala la mipira inayoruka ua. Shimo lililopinda kulia kando ya barabara huleta mipira barabarani, maana wachezaji wengi wasio stadi, wanaotumia mkono wa kulia, hukosea kuelekea kulia. Suluhisho la bei nafuu ni wavu. Suluhisho la kudumu ni kugeuza mahali pa kuanzia ili mchezaji aelekee ndani ya uwanja, au kupanda miti mahali panapofaa na kuisubiri ikue.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi sharti aombe idhini ya serikali ya kaunti, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni au pingamizi kabla ya uamuzi. Ukiona notisi ya namna hiyo imebandikwa kwenye ua wa uwanja wowote ulio jirani nawe, isome yote, omba kuona mchoro, kisha tafuta mishale inayoonyesha maji yatatokea wapi. Kama mishale hiyo haipo, liandike hilo katika maoni yako.