CHAMA KIJUE MTAMBO KINAOUKODI

Kahawa ya Bukoba na Muleba haiharibikii shambani peke yake. Huweza kuharibikia ghalani pia, kwa kukosa njia. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimeta 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, yaani muda mfupi kabla ya msimu wa kahawa. Barabara isiyo na mitaro hugeuka kuwa mto. Gari hukwama mlimani, na kahawa iliyokaushwa kwa taabu hukaa ghalani ikifyonza unyevu mpaka ikaota ukungu. Kilo inayopotea kwa namna hiyo ni ya mwanachama, si ya barabara.

Tangu Bukoba Native Co-operative Union ilipoanza kazi mwaka 1950, njia ya kutoka ghala la kijijini hadi mjini imekuwa sehemu ya kazi ya ushirika. Zamani mitaro ilichimbwa kwa majembe na sururu katika siku za kujitolea. Siku hizi chama cha msingi kinapoazimia kutengeneza njia ya ghala lake, kuchimba msingi wa ghala jipya, au kuchimba bwawa la kumwagilia miche ya kahawa, aghalabu hufikiria kukodi mtambo wa kuchimba udongo. Mafundi huuita mtambo huo eskaveta. Watu wengine huuita katapila au kijiko.

Mtambo huo hukodiwa kwa saa, na kila saa hulipwa kwa fedha zinazotokana na makato ya kilo za wanachama. Mitambo miwili iliyo sawa kwa rangi na uzito yaweza kutofautiana sana kwa kazi. Sababu yake ni mabadiliko ya ufundi ambayo yamefanywa hatua kwa hatua katika miaka mingi. Katibu wa chama halazimiki kuwa fundi, lakini inampasa kuyafahamu mabadiliko hayo, ili fedha ya chama inunue udongo uliochimbwa, si mngurumo wa injini.

NGUVU YA MTAMBO INATOKA WAPI

Mwaka 1839 Mmarekani William Otis alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kuchimba kwa nguvu ya mvuke. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, mashine kubwa za kuchimba ziliendelea kutegemea kamba za chuma na minyororo. Kamba huweza kuvuta lakini haiwezi kusukuma. Kwa hiyo mashine hizo zilikuwa nzito, na ilikuwa vigumu kwa dereva kukiongoza kijiko kwa kipimo kidogo.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kamba zilipoanza kuachwa na kazi yake kupewa mafuta yanayosukumwa na pampu. Huko Uingereza, mwaka 1953, Joseph Cyril Bamford alitoa trekta lenye mkono wa kuchimbia nyuma. Mwaka 1954 kampuni ya Demag ya Ujerumani ilitoa mtambo wa minyororo unaozunguka duara zima kwa nguvu ya mafuta. Kampuni ya Poclain ya Ufaransa ilitoa mtambo wake mashuhuri wa TY45 mwaka 1961. Kampuni ya Caterpillar ya Marekani, ambayo jina lake ndilo lililozaa neno katapila, ilitoa eskaveta yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1972.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba msukumo unaowekwa juu ya kitu cha majimaji kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Chukuliwe mfano wa silinda ambayo pistoni yake ina kipenyo cha sentimeta 12. Uso wa pistoni hiyo una eneo la sentimeta za mraba 113. Katika mitambo ya sasa msukumo wa mafuta huweza kufikia kilo 350 kwa kila sentimeta ya mraba. Kuzidisha 113 kwa 350 kunatoa kilo 39,550, yaani karibu tani 40. Nguvu hiyo yote huongozwa na mkono wa dereva juu ya kijiti kidogo, na huweza kusimamishwa mahali popote. Ndiyo maana mtambo wa haidroliki huweza kung'oa kisiki na pia kulainisha kingo za mtaro.

PAMPU INAYOPIMA KAZI

Pampu za mitambo ya mwanzo zilisukuma mafuta kwa kiasi kilekile wakati wote, kazi iwe nzito au nyepesi. Mafuta yasiyohitajika yalirudishwa tangini kupitia vali, na nguvu yake ikapotea kuwa joto. Mwenye mtambo alikuwa akinunua dizeli ili kuchemsha mafuta ya haidroliki.

Pampu za baadaye zilitengenezwa ziweze kubadili kiasi cha mafuta zinachotoa. Kijiko kinapokuwa kitupu hutoa mafuta mengi kwa msukumo mdogo, na mkono ukaenda haraka. Kinapokutana na udongo mgumu hutoa mafuta machache kwa msukumo mkubwa. Injini haielemewi, wala haifanyi kazi ya bure. Mitambo mingi ya sasa pia hupunguza mwendo wa injini yenyewe ikiwa dereva hakugusa vijiti kwa sekunde chache. Mwaka 2008 kampuni ya Komatsu ya Japani ilianza kuuza mtambo ambao huikusanya nguvu inayopotea kila mara mwili wa mtambo unapozunguka na kusimama, ukaigeuza kuwa umeme wa kuisaidia injini.

Mtambo wa tani 20 kwa kawaida hutumia lita 12 hadi 20 za dizeli kwa saa, kwa kadiri ya ugumu wa kazi, hali ya mtambo na tabia ya dereva. Chama kinachokodi mtambo kwa sharti la kujinunulia dizeli hakina budi kuuliza habari hizi kabla ya kutia sahihi, kwa maana tofauti ya lita chache kwa saa huwa pipa zima kazi inapokwisha.

Hata hivyo ufundi huo mpya una udhaifu wake. Sehemu za ndani za pampu zimekaribiana mno, hata vumbi lisiloonekana kwa macho huzikwangua. Mtambo mpya hauvumilii dizeli iliyochanganyika na maji, wala mafuta yaliyomiminwa kwa ndoo chafu. Chama kinachohifadhi dizeli ya mkandarasi katika pipa kuukuu hujitafutia hasara na ugomvi.

MTAMBO NA ARDHI YA KWETU

Ardhi ya Bukoba na Muleba ni ya matuta marefu na mabonde. Juu ya matuta yapo makazi, vibanja vya migomba na kahawa, na rweya; chini yapo mabonde yenye matope na mafunjo, kama bonde la mto Ngono. Njia nyingi za kwenda maghalani ni nyembamba, migomba ikiwa upande huu na upande huu. Kwa hiyo mambo matatu katika umbo la mtambo yanafaa kuangaliwa.

Jambo la kwanza ni upana wa minyororo. Mtambo wa tani 20 wenye minyororo ya upana wa sentimeta 60, inayogusa ardhi kwa urefu wa meta 3.6 kila upande, hukalia eneo la meta za mraba 4.3. Kila meta ya mraba hubeba karibu tani 4.6. Minyororo ikipanuliwa kuwa sentimeta 90, eneo huwa meta za mraba 6.5, na mzigo hushuka kufikia karibu tani 3.1. Mtambo wa minyororo mipana hupita penye matope ambapo mwenzake huzama. Lakini penye mawe na kona kali minyororo mipana huchakaa upesi. Hivyo haifai kuchaguliwa kwa kazi ya mlimani.

Jambo la pili ni mkia. Sehemu ya nyuma ya mtambo hubeba uzito wa kusawazisha mkono wa mbele. Katika mitambo ya kawaida sehemu hiyo hutokeza nje ya minyororo kila mtambo unapogeuka, ikagonga mti, ukuta au mtu. Watengenezaji wa Japani walitangulia katika kuunda mitambo midogo, kisha mitambo ya mkia mfupi isiyotokeza nje. Katika njia inayopita kati ya vibanja, mtambo mdogo wa namna hiyo huweza kuokoa migomba ambayo chama kingelazimika kuilipia fidia.

Jambo la tatu ni kijiko chenyewe. Mitambo mingi ya sasa ina kifungio kinachomwezesha dereva kubadili kijiko kwa dakika chache. Kijiko chembamba chenye meno hufaa kuchimba. Kijiko kipana kisicho na meno hufaa kusafisha mtaro na kulainisha kingo. Mkandarasi anayefika na kijiko kimoja kipana kwa kazi ya mtaro mwembamba atachimba udongo usiotakiwa, na chama kitaulipia mara mbili: kwanza kuuchimba, pili kuurudisha.

USALAMA

Mitambo mingi ya sasa imewekewa vali za kuzuia mkono usianguke ghafula mpira wa mafuta unapopasuka. Yafaa mkandarasi aulizwe kama vali hizo zipo na zinafanya kazi. Hata zikiwapo, hairuhusiwi mtu yeyote kusimama chini ya mkono ulioinuliwa. Aidha, hatari moja haijulikani kwa wengi: tundu dogo katika mpira huweza kurusha uzi wa mafuta wenye nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa mafuta yaliyoingia mwilini huweza kumfanya apoteze mkono. Mpira unaovuja haupapaswi kwa kidole. Hupimwa kwa kipande cha ubao au karatasi ngumu, kisha injini huzimwa na msukumo hutolewa kabla ya kuutengeneza.

HESABU YA KATIBU

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chukuliwe mfano wa chama kinachotaka mtaro wa urefu wa meta 1,000, upana wa juu meta 1.2, upana wa chini meta 0.4, na kina cha nusu meta. Wastani wa upana ni meta 0.8, ukizidishwa kwa kina hupatikana meta za mraba 0.4, ukizidishwa kwa urefu hupatikana meta za ujazo 400.

Udongo ukichimbwa hufumuka, na kwa udongo wa kawaida huongezeka karibu robo. Zile meta 400 zilizokuwa ardhini zitakuwa meta 500 ndani ya tipa. Mkataba usiposema ni kipimo kipi kitakacholipiwa, chama huweza kulipia meta 100 za hewa. Kipimo cha haki ni cha ardhini, yaani cha mtaro wenyewe, kwa kuwa mwanachama yeyote mwenye kamba ya kupimia anaweza kukihakiki.

Kijiko cha meta za ujazo 0.4 kikichota mara tatu kwa dakika, na dakika 45 za kila saa zikiwa za kazi hasa, mtambo huchimba meta 54 za udongo uliofumuka kwa saa. Meta 500 humalizika kwa saa zipatazo 10. Na kwa kuwa mtambo wa mtaro husogea mara kwa mara, 12 si nyingi. Ikiletwa hati ya madai ya saa 20, Katibu ana haki ya kuuliza sababu. Pengine lilikutwa jiwe. Pengine mtambo ulisimama injini ikinguruma.

Kabla ya kutia sahihi, Halmashauri ya chama ihakikishe mambo haya:

(a) Mkataba utaje meta za kazi, si saa peke yake, na utaje ni nani anayelipia dizeli na trela la kuuleta mtambo.

(b) Mita ya saa ya mtambo isomwe asubuhi na jioni mbele ya mjumbe wa chama, na iandikwe daftarini kwa sahihi za pande mbili. Mitambo mingi mipya huweka pia kumbukumbu ya saa, dizeli na muda wa kusimama bure; kumbukumbu hiyo iombwe.

(c) Ikiwa njia ni ya umma, kibali kipatikane kwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Huenda ikaonekana kwamba greda inatosha na eskaveta haihitajiki.

(d) Kazi isikaribie mto au ziwa bila idhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa meta 60.

(e) Maji ya mtaro yaelekezwe mahali salama, yasije yakabomoa kibanja cha jirani.

Uamuzi wa kukodi ni wa wanachama katika mkutano wao, na mahesabu yake yasomwe mbele yao kama yanavyosomwa mahesabu ya kahawa. Mtambo ukiondoka, hubaki mtaro na daftari. Viwili hivyo vikilingana, mwanachama atajua kwamba makato yake yamekwenda ardhini alikoyaelekeza.