Uraibu wa dawa za kulevya: Kuacha ni siku chache, kupona ni miaka

WAZAZI wengi wenye mtoto aliyenaswa na dawa za kulevya huamini kuwa tiba yake ni moja tu: afungiwe ndani, avumilie mateso ya siku chache, kisha atoke akiwa mzima. Imani hiyo ipo Kinondoni jijini Dar es Salaam, na ipo pia katika kata kama Lupepo, wilayani Rungwe, kusini mwa Mkoa wa Mbeya. Wataalamu wa tiba ya uraibu wanasema hapo ndipo familia nyingi zinapopotea njia, kwani siku hizo chache ni mwanzo tu wa matibabu, na majuma yanayozifuata ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kifo.

Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi, migomba, chai na maparachichi, na kwa mtazamo wa haraka iko mbali na vijiwe vya mijini. Hata hivyo, inapitiwa na barabara kuu itokayo Uyole, kupitia Tukuyu, hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu unaopakana na Malawi. Kijana anayetafuta riziki huondoka kwa barabara hiyo kwenda Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam. Akiangukia katika uraibu huko, anayempokea na kumuuguza mara nyingi ni mama yake kijijini.

Uraibu ni nini?

Kwa muda mrefu jamii imeuona uraibu kuwa ni utovu wa adabu, na mwenye tatizo hilo huitwa teja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua kuwa ni ugonjwa. Ubongo wa binadamu una mfumo unaompa raha anapokula, anapopumzika au anapokuwa na wapendwa wake, na kemikali iitwayo dopamini hushiriki katika kazi hiyo. Heroini, kokeini, pombe na bangi huusukuma mfumo huo kupita kiasi. Kadiri siku zinavyokwenda, ubongo hujirekebisha ili kuhimili msukumo huo: kete moja haitoshi tena, na mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu hayampi raha.

Hapo mraibu hatumii tena ili astarehe, bali anatumia ili asiumwe. Sehemu ya ubongo inayopima faida na hasara nayo hudhoofika. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaweza kuapa asubuhi mbele ya wazazi wake, kwa dhati kabisa, na jioni akauza sufuria ya nyumbani.

Hatua ya kwanza: Kukubali

Wanasaikolojia wa Marekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walieleza mwaka 1983 kuwa mtu anayeacha mazoea mabaya hupita katika hatua: hukataa kuwa ana tatizo, huanza kulifikiria, hujiandaa, hutenda, kisha hujitahidi kulinda alichokipata. Wengi huzipita hatua hizo zaidi ya mara moja kabla hawajasimama imara.

Familia inapaswa kujua mgonjwa wake yuko hatua gani. Anayekataa kuwa ana tatizo hasaidiwi na kipigo wala matusi. Humsaidia zaidi mtu anayemwuliza kwa upole matumizi yake yamemgharimu nini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo unawahusu wazazi pia, hasa wale wanaomficha mtoto kwa kuhofia aibu ya majirani.

Hatua ya pili: Kuondoa sumu mwilini

Mtumiaji wa heroini akikosa dawa hiyo hupatwa na hali ambayo vijana huiita arosto. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na hupungua ndani ya siku 5 hadi 10. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na kamasi na machozi, huharisha, hutapika na huumwa viungo vyote. Ni mateso makubwa, ingawa kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kumuua, mradi apate maji ya kutosha.

Kwa pombe mambo ni tofauti, na tofauti hiyo haijulikani na wengi. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, iwe bia, gongo au komoni, akisimamishwa ghafla anaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa akili kwa namna inayoweza kumwua. Mgonjwa wa aina hiyo hafungiwi chumbani. Hupelekwa hospitali ambako hupewa dawa za kutuliza na vitamini B1. Kwa bangi, hakuna dawa maalumu ya kuchukua nafasi yake, hivyo tiba hutegemea zaidi ushauri nasaha.

Hatua ya tatu: Dawa ya kudumisha

Kwa watumiaji wa heroini, ipo tiba ya methadoni, dawa ya maji inayonywewa. Huingia katika sehemu zile zile za ubongo zinazotafuta heroini, lakini hufanya kazi polepole na kudumu kwa takriban saa 24 au zaidi. Mgonjwa aliyepewa kipimo sahihi haleweshwi wala haumwi, na anaweza kufanya kazi. Anaepuka pia kuchangia sindano, njia inayoeneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini. WHO iliingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Tanzania ilianza kuitoa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2017 ilifunguliwa kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo ndiyo iliyoisogeza tiba hiyo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Huduma hiyo hutolewa bila malipo.

Wapo wanaodai kuwa methadoni ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Wataalamu hujibu kwa mfano wa mgonjwa wa kisukari: anayechoma insulini kila siku hajapona, lakini anaishi, analea watoto na kulima shamba lake. Tiba ya methadoni hupendekezwa idumu angalau miezi 12, na wengi huihitaji kwa miaka kadhaa. Kuiacha hufanywa kwa kupunguza dozi taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Ugumu uko katika masharti yake. Mgonjwa anayeanza hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Tukuyu hadi jijini Mbeya ni takriban kilomita 70, kwenda na kurudi 140, sawa na kilomita 980 kwa juma, kabla ya kuhesabu njia ya kutoka kijijini hadi Tukuyu. Kwa familia ya Lupepo inayotegemea ndizi na maziwa, dawa ni bure lakini nauli siyo. Kliniki iliyo mbali inaweza kumpoteza mgonjwa aliyekwisha kukubali kutibiwa, ambaye ndiye aliyekuwa mgumu kumpata.

Hatua ya nne: Kujifunza kuishi upya

Dawa hutuliza mwili, haifundishi namna ya kukataa kete inayotolewa na rafiki. Hapo ndipo ushauri nasaha unapohitajika. Mgonjwa hujifunza kutambua vichocheo vyake: kijiwe fulani, mtu fulani, siku ya malipo, hasira au upweke.

Zanzibar na Tanzania Bara zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huzijua kwa jina la soba. Waraibu huishi humo kwa miezi kadhaa wakiongozwa mara nyingi na watu waliopitia njia hiyo hiyo, wakifuata ratiba ya kazi, mikutano na ibada. Nguvu yake ni kwamba mgonjwa hamwoni anayemshauri kuwa ni hakimu. Udhaifu hujitokeza pale anapomaliza muda wake na kurudi mtaani asikokuwa na kazi, mbele ya majirani wanaoendelea kumwita mwizi.

Anapoteleza

Mwaka 2000 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha makala ya wanasayansi walioulinganisha uraibu na magonjwa mengine sugu. Walibainisha kuwa asilimia 40 hadi 60 ya waliotibiwa hurejea matumizi ndani ya mwaka mmoja, hali isiyotofautiana sana na wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu ambao dalili zao hurudi. Daktari hamfukuzi mgonjwa wa pumu aliyebanwa tena; huangalia upya dawa na mazingira yake. Mraibu aliyeteleza anastahili hivyo hivyo.

Lakini kuteleza baada ya kuacha heroini kuna hatari yake mahususi. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila dawa hupoteza uwezo wa kuihimili. Anayetoka kufungiwa nyumbani, kituoni au gerezani akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kusimama kupumua. Ndugu wakimkuta haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, wamlaze kwa ubavu na kumkimbiza hospitali mara moja. Ipo dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ikitolewa mapema. Anayekaa kusubiri usingizi uishe, kwa hofu ya polisi au aibu, anaweza kusubiri maiti.

Kazi iliyobaki

Kwa wakazi wa Lupepo na vijiji vinavyofanana nayo, mambo matatu yanawezekana tangu sasa. La kwanza ni kuanzia zahanati au hospitali ya wilaya, mgonjwa apimwe na kupewa rufaa badala ya kufungiwa. La pili ni kumtafutia ndugu wa kumpokea jijini Mbeya kwa miezi ya mwanzo, wakati dozi ya kila siku ni ya lazima. La tatu ni kumpa shughuli na nafasi anaporudi, hata kama ni shamba dogo la viazi.

Upande wa Serikali, iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, kipimo cha mafanikio hakipaswi kuwa kilo zilizokamatwa peke yake. Kuisogeza methadoni hadi wilayani, na kumruhusu mgonjwa aliyetulia kubeba dozi ya siku kadhaa nyumbani kama miongozo ya WHO inavyokubali, kungempunguzia kijana wa Rungwe zile kilomita 980. Aliyekubali kutibiwa amekwisha kufanya sehemu ngumu kuliko zote. Haifai ashindwe kwa kukosa nauli.