Tangi la Choo Lisilotulia

Siku hizi nyumba nyingi mpya, na hata nyumba za kambini zinapofanyiwa ukarabati, huwekewa choo cha kuvuta ambacho tangi lake limekaa juu ya bakuli lenyewe. Zamani haikuwa hivyo. Katika nyumba za askari zilizojengwa wakati wa ukoloni, tangi la chuma lilitundikwa juu ukutani, likashikwa na vyuma viwili, na mnyororo ukaning'inia chini yake. Jina "choo cha kuvuta" linatukumbusha mnyororo ule. Tangi lile lilikuwa na kelele, lakini hapana mtu aliyeweza kuliegemea. Hili la leo ni la kaure, limeshikwa na bolti mbili au tatu tu, na kila anayeketi na kujinyoosha nyuma hulisukuma. Hiyo ndiyo sababu choo kipya, hata kabla ya rangi ya ukuta kukauka vizuri, huweza kuanza kutikisika na kudondosha maji sakafuni.

Wako wanaosema tone ni tone tu, weka kopo chini yake. Hebu tufanye hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ikiwa matone 20 hufanya mililita moja, hayo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwezi ni karibu lita 130, yaani jerikeni sita na nusu za lita 20. Mita haiulizi maji yalikwenda wapi. Na sakafu ya saruji iliyolowa usiku, mtoto akiamka gizani, ni hatari ambayo haihitaji hesabu.

Kabla ya kushika spana, yapasa kujua maji yanatoka wapi. Kausha tangi lote kwa kitambaa, nje na chini. Kisha tia wino wa buluu kidogo ndani ya tangi, ukae nusu saa bila kuvuta maji. Baada ya hapo chukua karatasi nyeupe laini na kuigusisha chini ya kila nati, katikati pale tangi linapokutana na bakuli, na kwenye bomba linaloleta maji. Karatasi ikipata rangi chini ya bolti, mpira wa bolti hiyo haukukaa sawasawa. Ikilowa bila rangi penye bomba, kasoro iko kwenye kiungo cha bomba, maana maji hayo hayajaingia tangini bado. Tangi zima likiwa na unyevu usio na rangi, hasa asubuhi katika sehemu za baridi, huenda hakuna kuvuja kokote. Ni mvuke wa hewa unaogeuka maji juu ya kaure iliyo baridi, kama ulivyo kwenye chupa ya soda iliyotoka barafuni. Rangi ikionekana ndani ya bakuli bila mtu kuvuta, basi kifuniko cha mpira kilicho ndani ya tangi hakizibi, na hayo huweza kuwa maji mengi kupita yale ya tone, ingawa hayaonekani sakafuni.

Sasa vuta maji mara moja na utazame tena. Maji yakimwagika katikati wakati wa kuvuta tu, mwenye kosa ni ule mpira mnene wa duara ulio kati ya tangi na bakuli. Yakidondoka hapo muda wote, ile nati kubwa ya plastiki iliyo chini ya tangi imelegea, au mpira wake umepinda.

Kutengeneza kwenyewe si kazi ngumu, ila hakutaki haraka. Funga koki, vuta maji, kisha ukaushe yaliyobaki kwa sifongo. Fungua bomba, fungua nati, halafu muwe wawili mnapoliinua tangi. Lilazeni juu ya blanketi lililokunjwa, si juu ya saruji. Safisha kaure mahali mipira inapokaa, kwani punje moja ya mchanga yatosha kupitisha maji. Mpira uliopasuka au uliobonyea usirudishwe. Uchukue kama mfano unapokwenda dukani, maana mipira hii haina kipimo kimoja.

Wengi hukosea mpangilio wa bolti. Kichwa cha bolti hukaa ndani ya tangi, na chini ya kichwa hicho huja washa ya mpira, ikigusa kaure. Upande wa chini huja washa ya chuma na nati, kama zilivyopangwa katika pakiti. Washa ya chuma ikiwekwa ndani mahali pa mpira, maji yatapita hata ukikaza kwa nguvu za farasi. Chagua bolti za shaba. Za chuma hushikwa na kutu, na siku ya kuzifungua utalazimika kuzikata kwa msumeno.

Kabla ya kulirudisha tangi, jaribu bakuli kwa mikono miwili. Bakuli likicheza, lifungwe kwanza, maana tangi haliwezi kutulia juu ya bakuli linalotikisika. Kisha weka tangi, mmoja akalishika wima, na mwingine akaze nati nusu mzunguko upande huu, nusu mzunguko upande ule, huku bisibisi ikishika kichwa cha bolti ndani ili kisizunguke. Weka pimamaji juu ya tangi kila baada ya mizunguko michache. Spana inayofungua nati za kila ukubwa (mafundi wana jina lake, lakini halifai ukurasa wa nyumbani) ni nzuri kwa kazi hii, ila mpini wake mrefu humdanganya mkono. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa sawasawa. Nguvu za mkono hazizuii chochote.

Koplo mmoja wa polisi ninayemfahamu alijenga nyumba yake alipokuwa karibu kustaafu. Fundi alikaza nati hadi kaure ikalia, na tangi likapata ufa siku ile ile. Fundi akasema tangi lilikuwa bovu tangu dukani. Mwenye duka akasema fundi ndiye aliyelivunja. Koplo akanunua la pili kwa fedha zake. Ningekuwa yeye, ningelijaza tangi maji pale pale dukani kabla ya kulipa.

Baadhi ya matangi hugusa bakuli yakiisha kukazwa, hapo simama. Mengine huacha nafasi ndogo juu ya mpira mnene, na nafasi hiyo isifungwe kwa nguvu. Kama tangi lina matundu ya skrubu nyuma na ukuta haukunyooka, tia kipande cha mpira au ubao katika pengo; kulivuta kwa skrubu ni kulipasua.

Bomba lifungwe kwa mkono, kisha robo ya mzunguko tu kwa spana, huku mkono mwingine ukishika valvu ndani ya tangi ili boya lisije likasuguana na ukuta wa tangi. Fungua koki polepole. Maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba la kumwaga ziada. Vuta mara nne au tano, kausha, uache karatasi kavu chini mpaka asubuhi.

Wanaokaa nyumba za serikali wamwarifu kwanza msimamizi wa nyumba, kwa maana kitu cha serikali kikivunjika mikononi mwako, maelezo huwa marefu.

Ufa wa kaure, hata ukiwa mwembamba kama unywele, hauna dawa. Gundi na saruji nyeupe huushika kwa siku chache tu, na tangi likiachia usiku, koki iko wazi, maji yatatiririka mpaka mtu aamke. Funga koki siku hiyo hiyo, mtumie ndoo, mpaka tangi jingine lipatikane. Koki yenyewe ifungwe na kufunguliwa mara moja kila baada ya miezi michache isije ikakwama, na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa miaka 10, aonyeshwe ilipo.