KUINGIA SI KUFAA
Maelezo juu ya fataki za bunduki ya misumari



Katika kiwanda kimoja cha chai nilichofanyia kazi zamani, fundi mmoja alikuwa akifunga nyaya za umeme ukutani. Alitumia ile bunduki ya misumari, ambayo hupigilia msumari kwa nguvu ya baruti. Fataki zake za kijani zikamwishia. Akaenda stoo, akapewa za rangi nyekundu. Alipouliza kama ni sawa, msimamizi akamjibu, "Si zinaingia? Maliza kazi."

Kweli ziliingia. Lakini msumari wa kwanza ulipita ukuta mzima wa tofali zenye matundu, ukatokea upande wa pili walikokuwa akina mama wakichekecha chai, ukatoboa gunia karibu na bega la mama mmoja. Kwa bahati hakuumia. Na aliyeandikiwa barua ya onyo alikuwa nani? Fundi.

Nataka tulichunguze neno hilo, "si zinaingia?", maana limewaponza wengi.

Tuanze na risasi zenyewe, kwa sababu fataki ya bunduki ya misumari ni ndugu yake risasi. Ni ganda dogo la shaba ya manjano lenye baruti ndani, ila haina kichwa cha risasi. Huko Marekani wako watu ambao huokota maganda ya risasi za rivolva yaliyokwisha kutumika, wakayajaza tena nyumbani. Kazi hiyo si yetu, na sheria za nchi zetu hazimruhusu mtu kujitengenezea risasi kiholela. Lakini lipo fundisho ndani yake.

Ganda la rivolva lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, kama ukingo wa sahani. Wakati wa kulijaza, hushikwa na kipande kidogo cha chuma chenye mfuo, nacho huitwa kishikio. Ukingo huingia katika mfuo huo, na mashine ikilisukuma au kulivuta ganda, kishikio hakiliachi. Mfuo ukiwa mwembamba, ganda haliingii. Ukiwa mpana, ganda hucheza, hukaa upande, na ukingo unaweza kuchanika. Kwa hiyo kila ganda lina kishikio chake.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni namba. Kila kampuni hupiga namba zake. Kishikio cha risasi ya 38 Special ni namba 6 kwa kampuni ya RCBS, lakini kwa kampuni ya Lee ni namba 1. Kazi ni moja, namba mbili. Anayefuata namba bila kuuliza ni ya kampuni gani atapotea.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Risasi ya 38 Special na ile ya 357 Magnum zina kitako cha namna moja. Kishikio kimoja huzishika zote mbili. Lakini 357, iliyotolewa katika miaka ya 1930, hufanya kazi kwa mgandamizo wa kama mara mbili ya ule wa 38. Waliozitengeneza walijua hatari hiyo. Wakalirefusha ganda la 357 kwa milimita 3 na kitu, ili lisiweze kuingia katika rivolva iliyotengenezwa kwa 38. Umbo lenyewe likawa mlinzi. Kishikio hakijui nguvu. Kinajua ukingo tu.

Sasa turudi kiwandani. Katika bunduki zetu za misumari, mlinzi huyo wa umbo hayupo. Fataki nyingi zina upana wa milimita 6.8 na hupangwa kumi kumi katika ukanda wa plastiki. Iliyo dhaifu na iliyo kali huingia tundu lile lile. Tofauti unaambiwa na rangi. Katika fataki za Ulaya zinazotumika sana, kijani ni dhaifu, njano ni ya kati, nyekundu ni kali na nyeusi ni kali zaidi.

Wamarekani wana utaratibu mwingine. Kwao zipo daraja kumi na mbili. Kijivu ni 1, kahawia 2, kijani 3, njano 4, nyekundu 5, zambarau 6. Halafu rangi hizo hizo hurudiwa kwa daraja la 7 mpaka 12, ila ganda huwa jeupe la nikeli badala ya shaba ya manjano. Maana yake kijani yenye ganda la manjano ni daraja la 3, na kijani yenye ganda jeupe ni daraja la 9! Basi hata rangi peke yake haitoshi. Tazama ganda, soma boksi, linganisha na kitabu cha bunduki unayoitumia. Na yuko mwenzetu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Hilo si kosa lake, lakini asiachwe achague fataki peke yake.

Ndugu fundi, kabla ya kufyatua, fanya hivi:

Kwanza, jua nyuma ya ukuta kuna nini na kuna nani. Waondoe watu.

Pili, pima ukuta. Chukua msumari wenyewe uugonge kwa nyundo. Ncha ikibutuka, ukuta ni mgumu mno. Ukuta ukipasuka au kumeguka, ni dhaifu kwa kupasuka. Msumari ukizama kirahisi, ukuta ni laini mno. Katika hali hizo zote usifyatue. Usifyatue kamwe katika chuma cha kusubu, kigae wala kioo.

Tatu, anza na fataki dhaifu kuliko zote zinazoruhusiwa kwa bunduki hiyo. Msumari usipozama vya kutosha, ndipo upande daraja moja.

Nne, kwenye zege au tofali kaa mbali na ukingo angalau sentimita 7 na nusu. Zege liwe nene mara tatu ya urefu utakaozama msumari.

Tano, fataki isipolipuka, usiiondoe bunduki ukutani. Ikandamize angalau sekunde 30, ujaribu tena, ungoje tena sekunde 30. Kisha toa fataki hiyo polepole uitie katika maji.

Sita, usiweke fataki mpaka uwe tayari kufyatua, na vaa miwani ya kazi na kinga ya masikio.

Lakini fundi hawezi kuchagua fataki dhaifu ikiwa stoo hakuna. Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza. Wawakilishi waulize: Je, stoo ina daraja zote zinazohitajika? Kitabu cha mashine kiko wapi, na kimeandikwa kwa lugha ambayo fundi anaisoma? Nani amefundishwa? Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe.

Yule fundi wetu tulimtetea kwa swali moja tu: nani alizitoa zile nyekundu? Barua ya onyo ilifutwa, na boksi la fataki za kijani likanunuliwa wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukisikia mtu akikuambia, "Si inaingia?", mjibu kwa heshima, "Inaingia, mzee, lakini haifai." Halafu umwite mwakilishi wako.

Umoja ni nguvu.