Bwana Naye Apimwe

Akina mama wenzetu, huku kwetu Kilosa na Mikumi ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, anayetazamwa kwanza ni mke. Mawifi watanong'ona, mama mkwe atauliza, na mke mwenyewe atazunguka kwa waganga mpaka fedha za mpunga ziishe. Bwana hapimwi, kwa kuwa ana nguvu za kiume. Lakini nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo lingine. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto zina tatizo kwa upande wa mume, peke yake au pamoja na la mke.

Leo tuzungumze juu ya tezi dume. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee tu. Kila mwanamume anayo tezi hii, chini ya kibofu cha mkojo, nayo hutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Hata kwa kijana yaweza kuvimba kwa vijidudu vya njia ya mkojo, au vya zinaa kama kisonono na klamidia. Bwana atalalamika mkojo unaunguza, kinena kinauma, pengine hata tendo la ndoa linamwumiza. Akiwa na homa na kutetemeka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaoumwa hivyo bila kijidudu chochote kuonekana, kwa hiyo tusimtuhumu mtu uzinzi kabla ya vipimo. Nyumba huvunjika kwa tuhuma tu.

Kuna na jambo la kinga. Mbegu huanza kutengenezwa mvulana anapobalehe, wakati kinga ya mwili imekwisha kujifunza kutambua vilivyo vyake. Ndiyo maana Mungu ameweka ukuta ndani ya korodani, kinga isizifikie. Ukuta ukibomoka kwa kuumia, upasuaji, mirija kuziba au maambukizo, kinga huzidhania mbegu kuwa adui na kuzinasa. Kwenye darubini huonekana zimeshikana, zikitikisika pale pale. Wataalamu bado wanabishana uvimbe wa tezi dume peke yake unachangia kiasi gani, ila maambukizo lazima yatibiwe. Dawa huchukua wiki kadhaa, na wengi huziacha maumivu yakipoa. Kama ni ya zinaa, mke naye atibiwe. Mbegu kunaswa si mwisho wa matumaini. Wengine hupata mimba wenyewe, wengine kwa msaada wa hospitali kubwa, kwa gharama kubwa.

Mwambie bwana mkiwa chumbani, siyo mbele ya ndugu zake, kisha mwende pamoja. Kuomba tunaomba, na Luka naye alikuwa tabibu. Kabla ya kipimo msikutane kwa siku 2 hadi 7. Manii yafike maabara ndani ya saa moja, kwa hiyo wa Mikumi asipande basi na kichupa kwenda Kilosa. Bwana aende mwenyewe akayatolee huko. Kondomu ya kawaida isitumike, huua mbegu. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe, kwa maana mbegu hukomaa kwa miezi miwili na zaidi, na homa kali ya malaria ya wakati ule yaweza kuonekana leo.